Maswali ya Wasomaji: Geti Liko Wazi, Barabara Je?

SWALI

Ndugu Mjibu Maswali, shikamoo.

Mimi ni mkulima wa korosho wa hapa Masasi, na barua yangu inahusu safari ambayo haikufika. Mjomba wangu, kaka wa mama yangu mzazi, alifariki Mueda, nchini Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma. Sisi Wamakonde ukoo wetu huhesabiwa kwa upande wa mama, kwa hiyo mpwa hawezi kupokea msiba wa mjomba wake kwa simu kisha akaendelea na palizi kana kwamba aliyekufa ni mtu wa mbali. Nilikodi gari aina ya Noah kwa jirani yangu kwa makubaliano ya siku nne, nikampakia mama, dada yangu na binamu mmoja anayejua Kireno kidogo, tukaondoka saa kumi na moja alfajiri.

Lami ilitufikisha Mtambaswala mapema. Tulivuka Daraja la Umoja, na upande wa Negomano tukagongewa mihuri, tukanunua bima ya gari ya kule, tukapewa karatasi ya kuingiza gari kwa muda, wala hakuna aliyetukataza kuendelea. Mwanzoni tulipishana na magari mawili. Baada ya hapo tulikwenda karibu saa nzima bila kuona gari lolote linalotoka mbele, mpaka pikapu moja ikatokea kwenye kona ikiwa imejaa watu, magodoro na mbuzi. Ilisimama kutupisha kwa sababu njia ni nyembamba, na mama mmoja aliyekaa nyuma alikuwa amepakata sufuria ya mbaazi iliyofungwa kwa kanga, maji yake yamemlowesha magotini. Mama yangu alipomwamkia kwa Kimakonde, alijibu kwamba ameziipua kabla hazijaiva kwa sababu kijiji cha mbele kilikuwa kinaungua. Hatua chache baadaye tukawakuta askari, ambao walisema hawatuzuii, ila tukipita tunapita kwa hiari yetu.

Niligeuza gari. Kwa haraka niliyokuwa nayo niliingia kwenye shimo, shokapu ya mbele ikavunjika, na lori moja likatuvuta mpaka Negomano. Tuliliacha gari kwenye uwanja wa mwenye duka, tukavuka daraja kwa miguu na mizigo yetu kichwani. Daraja lile ukiwa ndani ya gari ni fupi. Mama alipumzika mara nne. Fundi alipata nafasi ya kwenda kulitengeneza baada ya siku tisa.

Sasa nina mambo matatu. Kwanza, wakubwa wa ukoo wananiita mwoga, kwa sababu ndugu mmoja alipita njia ile ile siku mbili baadaye akafika salama. Pili, mwenye gari ananidai matengenezo pamoja na kodi ya siku zote tisa. Tatu, arobaini inakaribia, na mama anasema safari hii hata kama ni kwa bodaboda atakwenda. Nifanyeje?

Mpwa, Masasi

JIBU

Marahaba, ndugu yangu, na pole sana kwa msiba wa mjomba. Mfikishie pole zangu na mama, ambaye naona yeye ndiye aliyebeba mzigo mkubwa zaidi kuliko ninyi nyote.

Uliamua vyema kugeuza. Yule ndugu aliyefika salama alisafiri siku yake, hakusafiri siku yako, na kufika kwake hakuthibitishi kwamba njia ilikuwa wazi ulipokuwa wewe barabarani. Wakubwa wa ukoo wanapima uamuzi wako kwa habari walizozipata baadaye wakiwa wamekaa barazani, ilhali wewe ulikuwa na habari za saa ile tu, na habari hizo zilikuwa zimepakatwa na mama mmoja nyuma ya pikapu. Tetesi huwafanya watu wafunge mizigo, wauze kuku, wapeleke watoto kwa shangazi. Anayeipua sufuria ya mbaazi mbichi na kupanda nayo gari hakuambiwa na mtu. Ameona kwa macho yake au amesikia mlio kwa masikio yake, tena karibu.

Hata hivyo, ungeweza kugeuza mapema zaidi. Unaandika kwamba mlikwenda karibu saa nzima bila kupishana na gari, na hiyo ndiyo sehemu ya barua yako niliyoisoma mara mbili. Watu wengi wanaovuka mpaka wetu huamini kwamba geti likiwa wazi na mihuri ikigongwa, basi barabara nayo imethibitishwa. Ofisa wa Uhamiaji anajibu swali la kama wewe ni nani na una haki ya kuingia. Ofisa wa Forodha anajibu swali la kama gari ni lako au una ruhusa ya mwenyewe. Swali lako la tatu, yaani kama kuna usalama kilometa 60 mbele, halimo katika madaftari yao, na mara nyingi wao wenyewe hulijua kwa njia ile ile unayoweza kulijua wewe, kwa kuwauliza madereva wanaotoka huko. Gari linalokuja kutoka unakokwenda ndilo cheti cha barabara. Ukiona limekuja, msimamishe dereva umuulize ameondoka wapi na saa ngapi. Usipoona gari kwa nusu saa kwenye njia ambayo siku zote hupitiwa na malori, chukulia kwamba kuna kitu kimewazuia wengine, hata kama hujui ni nini.

Naeleza kwa kirefu kidogo kwa nini njia hii hubadilika ghafla, kwa sababu wasomaji wa Newala, Tandahimba na Nanyumbu wameniandikia mara kadhaa wakiuliza kama vita vya Cabo Delgado, mkoa wa Msumbiji ulimo Mueda, vimekwisha. Vilianza tarehe 5 Oktoba 2017 kwa mashambulizi dhidi ya vituo vya polisi katika mji wa Mocímboa da Praia. Mwezi Agosti 2020 wapiganaji hao, ambao wenyeji huwaita Al-Shabaab ingawa si wale wa Somalia, waliuteka mji huo na kuukalia kwa takribani mwaka mmoja. Mwezi Oktoba 2020 walivuka Ruvuma na kukishambulia kijiji cha Kitaya, katika mkoa wetu huu wa Mtwara, kwa hiyo hakuna anayeweza kutuambia kwamba hayo ni mambo ya ng'ambo tu. Tarehe 24 Machi 2021 waliingia mji wa Palma, na mwezi uliofuata kampuni ya TotalEnergies ilitangaza kusimamisha mradi wa gesi wa Afungi, karibu na mji huo. Julai 2021 yalikuja majeshi ya Rwanda na yale ya Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, Tanzania ikiwamo, na mwezi Agosti Mocímboa da Praia ikakombolewa. Jeshi la Jumuiya liliondoka mwaka 2024. Mwezi Mei mwaka huo huo mji wa Macomia ulishambuliwa.

Tangu walipofukuzwa mijini, watu hawa hutembea kwa makundi madogo porini, hutokea kwenye kijiji au barabarani, huchukua chakula, huchoma nyumba, kisha hupotea kabla askari hawajafika. Vita vya namna hii havina mstari unaoweza kuchorwa kwenye ramani ukasema huku ni kwao na huku ni kwetu. Barabara iliyokuwa shwari Jumatatu inaweza kuwa ya hatari Jumatano na shwari tena Ijumaa, na ndiyo maana ndugu yako alipita. Kwa hiyo habari ya wiki iliyopita haikufai, iwe njema au mbaya. Unahitaji habari ya asubuhi ile ile.

Na kwa kuwa nimeitaja Negomano, niseme jambo moja la pembeni. Pale mto Lugenda unapoingia Ruvuma ni mahali ambapo wenye njaa na bunduki wamepapenda tangu zamani. Tarehe 25 Novemba 1917 jeshi la Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck, likiwa limeishiwa chakula na risasi, lilivuka mto hapo na kuishambulia ngome ya Wareno, si kwa sababu lilitaka nchi ile, bali kwa sababu ngome ilikuwa na ghala. Ukilikumbuka hilo utaelewa kwa nini vijiji vinavyovamiwa leo mara nyingi ni vile vilivyotoka kuvuna.

Sasa jirani yako mwenye gari. Nimelitazama dai lake kwa utulivu, kwa sababu mtaani watu huchukua upande haraka. Nianze na bima, ambayo hukuitaja lakini lazima umeifikiria. Bima uliyoinunua Negomano ni ya kumlinda mtu mwingine utakayemgonga kule. Haitengenezi gari ulilolipanda. Bima kubwa ya mwenye gari, kama anayo, kwa kawaida inaishia ndani ya mipaka ya Tanzania mpaka kampuni iombwe kuipanua, na nyingi kati yake hutaja waziwazi kwamba hasara za vita na uasi hazimo. Wapo pia madereva wanaodhani Kadi ya Njano ya COMESA inawavusha kokote. Kadi hiyo inafanya kazi Malawi na Zambia, lakini Msumbiji haimo katika mpango huo, ndiyo maana ukauziwa bima nyingine pale getini. Kwa kifupi, shokapu hiyo haina kampuni ya kuilipa. Iko kati yako na jirani yako.

Yeye atasema mkataba ni mkataba. Wewe ukikaa na mtu wa sheria atakutajia kifungu cha 56 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinachosema kwamba ahadi ya kutenda jambo ambalo baadaye limegeuka kuwa lisilowezekana hubatilika. Usikitegemee sana. Kurudisha gari hakukuwa jambo lisilowezekana, kulichelewa. Ninachokitazama zaidi ni kama jirani alijua gari linakwenda Mueda. Kama alijua, na bado akachukua pesa, basi alikubali sehemu ya hatari ya njia ile, kwa maana hakuna mtu wa Masasi asiyejua habari za Cabo Delgado. Kama ulimwambia unakwenda Newala, ndugu yangu, lipa kila kitu na uombe radhi.

Nikichukulia kwamba alijua, mimi ningelipa matengenezo yote, kwa sababu shimo lile uliliingia wewe, na Noah si gari la barabara ya udongo hata siku ya amani. Siku nne za makubaliano zilipwe kamili. Siku zilizozidi hizo nne nisingezilipa kwa bei ya siku ya kawaida, kwa kuwa kodi ya siku ina ndani yake uchakavu wa gari linalotembea, na gari hili lilikuwa limesimama chini ya mti. Ila mwenzako naye alikosa wateja, kwa hiyo nusu ya kodi kwa siku hizo si haba. Kaeni na mzee mmoja mnayemheshimu wote wawili, muandike mlichokubaliana, kila mmoja atie sahihi. Mahakama ya Mwanzo ipo na hupokea madai kama haya, lakini hukumu yake haitawaondoa katika mtaa mmoja.

Kabla ya yote hayo, hakikisha ile karatasi ya kuingiza gari kwa muda ilifungwa upande wa Msumbiji gari lilipotoka. Ina tarehe ya mwisho. Gari likikaa hata kwa sababu ya haki, mwenye nalo akipita tena siku nyingine anaweza kukuta faini inamsubiri, na faini hiyo itarudi mlangoni kwako.

Nije kwenye arobaini. Ushauri wangu ni kwamba mama asiende kwa njia ya Negomano, na kwa bodaboda ndiyo kabisa. Ninajua ninachokiomba. Dada kukosa arobaini ya kaka yake ni jambo litakalosemwa kwa miaka. Lakini Mueda na Newala ni nyanda mbili za watu wamoja zinazotazamana kuvuka bonde la Ruvuma, na ukoo wenu bila shaka una watu pande zote mbili. Inawezekana kabisa arobaini ikasomwa Mueda na ikasomwa Masasi siku ile ile, mkapigiana simu, na wale wa Mueda wakaambiwa waziwazi sababu. Wao wanaijua hali kuliko sisi, na nadhani watakuelewa haraka kuliko wajomba zako wa huku.

Kuna watakaokushauri kuzunguka, na mzunguko wenyewe upo. Kutoka Masasi unapita Mangaka, Tunduru na Namtumbo hadi Songea, kilometa zipatazo 450 zote za lami, unavukia Mkenda kuingia mkoa wa Niassa, Msumbiji, unashuka Lichinga, kisha unakwenda mashariki kupitia Marrupa hadi Montepuez. Kwa mtu anayekwenda Nampula au Pemba ya Msumbiji, njia hiyo ina maana, ingawa hata Niassa haikubaki kando: wilaya ya Mecula ilivamiwa mwishoni mwa 2021, na mwezi Aprili 2025 kambi ya Mariri ndani ya hifadhi ya Niassa nayo ilishambuliwa. Kwa anayekwenda Mueda, baada ya siku tatu za kuzunguka utajikuta Montepuez, ndani ya Cabo Delgado ile ile, na kipande cha mwisho bado unatakiwa kukipita. Umetumia mafuta mengi kulifikia swali lile lile kwa mlango wa nyuma.

Kama pamoja na hayo yote ukoo utaamua kwamba lazima mtu aende, basi aende mmoja au wawili, watu wazima wenye miguu mepesi, na mambo yafuatayo yaamuliwe nyumbani. La kwanza kabisa ni nani mwenye neno la mwisho la kugeuza. Awe mmoja, atajwe kwa jina mbele ya wote, na akisema tunarudi kusiwe na kikao ndani ya gari. Nimeona abiria sita wakibishana katikati ya barabara kwa robo saa huku injini ikiunguruma, kila mmoja akiogopa kuwa wa kwanza kulitamka neno. Pili, muwe na saa ya kurudi: ikifika saa fulani hamjafika mahali fulani, mnageuza bila kujali mmebakiza kilometa ngapi. Mafuta yajazwe Masasi au Mangaka, ya kwenda na kurudi, kwa kuwa kutoka Negomano hadi Mueda ni takribani kilometa 170 na si njia ya kutafutia dumu. Metikali, yaani fedha za Msumbiji, zibadilishwe kabla, kwa noti ndogo. Gari liwe na pembetatu mbili za tahadhari na fulana ya kuakisi mwanga, kwa sababu polisi wa Msumbiji huviulizia. Na mtu wa Mueda apigiwe simu alfajiri ya safari, si jana yake, aulizwe kama basi au lori lolote limeondoka kuja mpakani asubuhi hiyo.

Lipo jambo moja dogo ambalo limewalaza wengi nje: saa. Saa za Msumbiji ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Kama mageti yote mawili yanafungwa jioni kwa saa ile ile, kila upande ukifuata saa yake, la Mtambaswala ndilo litakalotangulia kufungwa. Unagongewa mhuri wa kutoka Negomano ukiamini una saa nzima mkononi, unatembea mita 720 za daraja, na ng'ambo unakuta kufuli. Umetoka nchi moja na hujaingia nyingine. Rekebisheni saa ya mkononi ibaki ya Tanzania, na mipango yote ya kurudi ihesabiwe kwa hiyo.

SWALI

Mimi ni mama wa Lindi mjini. Mwanangu anafanya kazi ya upishi Palma na hajarudi tangu mwaka jana. Nimeambiwa kwamba kupitia kivuko cha Kilambo ni karibu sana, na kwamba wapo vijana wenye mitumbwi wanaovusha watu bila usumbufu wa makaratasi. Je, niende nikamwone?

Mama wa Msafiri, Lindi

JIBU

Mama yangu, shikamoo. Kilambo kweli ni karibu, na kwa mtu wa Mtwara anayekwenda Palma ndiyo njia ya asili. Lakini pale hakuna daraja. Ruvuma inakaribia bahari, inapanuka, na hujaa na kupwa pamoja na bahari, hivyo saa ya kuvuka huamuliwa na maji kabla ya kuamuliwa na ofisi. Maji yakipwa, chombo hukwama kwenye mchanga katikati ya mto. Siku moja niliyasubiri maji yajae kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri, nikiwa na karanga za kuchemsha na abiria aliyekuwa akinieleza safari zake zote tangu ujana.

Wale vijana wasio na usumbufu wa makaratasi uwaepuke kabisa. Mtanzania haombi viza kuingia Msumbiji. Anachohitaji ni hati ya kusafiria na mhuri wa kuingia Namoto, kituo cha mpaka upande wa Msumbiji. Kuukwepa mhuri huo kunaokoa nusu saa na kunakugharimu kinga yako yote. Katika eneo ambalo askari wa nchi mbili wanawatafuta watu waliovuka kwa siri, mtu asiye na mhuri ana maelezo mengi ya kutoa kwa lugha asiyoijua, na umri hautamsaidia. Mashua za baharini zinazokwenda kimya kimya usiku ni mbaya zaidi, kwa kuwa doria hazina namna ya kujua kwamba ndani yake kuna mama aliyembebea mwanawe ubwabwa na samaki.

Kama mwanao ana likizo, aje yeye. Ana kitambulisho cha kazi, anajua askari wa vizuizi vya njia yake kwa sura, na anajua siku ipi watu wanapita na siku ipi hawapiti. Ukishindwa kabisa kumsubiri, pata hati yako kwanza, uende Kilambo mapema, siku ambayo maji hujaa asubuhi, na yeye awe amekuja kukupokea Namoto kabla hujapanda chombo. Asipokuwa amefika, usivuke ukamsubirie huko.

SWALI

Mimi ni dereva wa kirikuu wilaya ya Nanyumbu. Mwaka fulani nilikutana na watu kumi na moja karibu na mto, wengi wao watoto, waliosema wamekimbia vijiji vyao. Niliwapakia mpaka kijiji cha karibu bila kuwatoza nauli. Njiani niliulizwa kwa nini nabeba watu wasio na hati, na nusura gari lizuiwe. Tangu hapo ninajiuliza, siku nikikutana na wengine nifanye nini?

Dereva, Nanyumbu

JIBU

Ndugu dereva, swali lako ni gumu kuliko yote ya leo, kwa kuwa mkono ule ule uliookoa watoto ndio unaoweza kushtakiwa kwa kusafirisha wahamiaji haramu. Sheria zote mbili zipo. Sheria ya Uhamiaji haipendi mtu anayebeba wageni wasio na hati na kuwapeleka anakojua mwenyewe. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998, kwa upande wake, inamtambua mtu anayeingia nchini kuomba hifadhi, na inampa siku saba za kujitokeza mbele ya mamlaka, akiwamo afisa mtendaji wa kijiji. Kwa hiyo linaloangaliwa si kwamba uliwabeba, bali uliwapeleka wapi. Gari lililotoka mtoni likaenda moja kwa moja ofisini kwa mtendaji limewasaidia watu kuitii sheria. Gari hilo hilo likipita ofisi ile likaelekea Masasi stendi, dereva ana kesi ya kujibu, hata kama moyo wake ulikuwa mweupe.

Nisikufiche kwamba kuwafikisha kwa mtendaji hakuna maana kwamba watapewa hifadhi. Mwaka 2021 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilieleza hadharani wasiwasi wake kuhusu watu wa Msumbiji waliorudishwa kwao kupitia Negomano. Wazee wa mikoa hii huyasikia hayo kwa masikitiko yao, kwa kuwa wanaikumbuka Rutamba ya Lindi ilipopokea wakimbizi wa Msumbiji miaka ya sitini, na Nachingwea ilipokuwa na kambi ambamo Frelimo, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, kiliwafunza wapiganaji wake. Uamuzi wa nani abaki na nani arudi uko juu ya uwezo wa mwenye kirikuu, lakini kuandikwa kwao katika daftari la kijiji kuko ndani ya uwezo wako, na mtu aliyeandikwa hapotei kirahisi kama asiyeandikwa.

Ukikutana nao tena, kabla hujawasha gari mpigie simu mtendaji au mwenyekiti wa kijiji, na simu ikikosa mtandao mpigie ukiwa njiani. Usichukue nauli, hata wakikushikia noti, kwa sababu nauli ndiyo kitu cha kwanza kitakachokugeuza kutoka msamaria kuwa msafirishaji. Usiwatenganishe watoto na watu wazima waliokuja nao kwa sababu ya nafasi. Afadhali ufanye safari mbili, ukianza na kundi moja zima. Ukifika, omba mtendaji aandike tarehe, saa, mahali ulipowakuta na idadi yao, agonge mhuri, nawe ubaki na nakala. Nakala hiyo iweke pamoja na leseni na kadi ya gari, ndani ya mfuko wa nailoni, kwa sababu masika ya Nanyumbu yanaingia hadi kwenye dashibodi.